Canon EF 70-200mm f/4L USM kwenye barabara za milima, kutoka Kapchorwa hadi Kisoro

Kama mkoba wako una nafasi ya lenzi moja tu, na safari yako ni ya kupiga picha milima ukiwa barabarani, acha lenzi pana nyumbani ubebe hii. Nasema hivyo baada ya kuishi nayo. Ninazungumzia Canon EF 70-200mm f/4L USM, lenzi ndefu inayovuta vitu vya mbali, ile ya kwanza iliyotoka mwaka 1999, isiyo na kituliza mtikisiko. Nimeibeba kwenye gari la mjomba wangu, Toyota Noah, kutoka mteremko wa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, hadi mpakani Kisoro, kusini-magharibi, kwenye mvua, kwenye vumbi, na kwenye baridi ya alfajiri inayofanya vidole vikatae kugeuza pete ya fokasi.

Kazi inayonilisha ni harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa) hapa Mbale na Tororo. Lenzi hii niliinunua kwa ajili ya kazi hiyo, ikiwa imetumika, kwa shilingi za Uganda milioni moja na laki mbili, kutoka kwa mpiga picha mwenzangu wa Nairobi aliyekuwa anabadilisha mfumo mzima wa kamera. Kanisani inanisaidia kukaa mbali na madhabahu bila kumsumbua padri. Lakini kwa harusi zipo lenzi nyingi zinazofaa. Kwa milima ya kwetu sijaona ya kuishinda kwa bei hiyo, na ndiyo maana naandika.

Wengi wakisikia neno mandhari wanakimbilia lenzi pana, 16mm au 24mm (namba ikiwa ndogo lenzi inaona pana, ikiwa kubwa inavuta karibu), kwa sababu mlima ni mkubwa na wanataka uingie wote. Unaingia wote, kweli, halafu kwenye picha unakuta kichuguu. Chukua hesabu. Kwenye kamera ya sensa kamili kama Canon 6D ninayotumia, upana wa sensa ni milimita 36. Ukiwa kilomita 10 kutoka mlimani na lenzi ya 24mm, picha yako inameza upana wa kilomita 15 za nchi. Mlima uliokutoa machozi unakuwa kitu kidogo katikati, juu yake anga tupu, chini yake lami na nguzo za umeme. Kwa 200mm, kutoka pale pale uliposimama, picha inachukua upana wa kilomita 1.8. Sasa unaona makorongo, unaona mstari ambapo mashamba yanaisha na msitu unaanza, unaona wingu likitambaa begani.

Kuna watakaosema, piga pana halafu kata kwenye kompyuta. Umbo la mlima litabaki lile lile, hilo ni sahihi, maana kinachopanga ukubwa wa vitu kimoja dhidi ya kingine ni mahali uliposimama. Lakini kukata kutoka 24mm hadi eneo la 200mm kunakuachia sehemu moja kati ya karibu 70 za picha. Kamera yangu ina megapikseli 20. Zinabaki kama 0.3. Hata kalenda ya duka la dawa haiwezi kuchapishwa na hizo.

Basi tuingie barabarani. Mjomba aliendesha malori miaka mingi kutoka Malaba kupeleka mizigo Kigali na Goma, kwa hiyo barabara ya kusini-magharibi anaijua kona kwa kona. Kiswahili chake ni cha madereva, kimekusanya maneno ya kila mpaka aliopita. Kwa mpiga picha, dereva wa namna hii ana thamani kuliko lenzi yoyote, na ninalisema hili ndani ya tathmini ya lenzi kwa makusudi. Baada ya Kabale, barabara ya kwenda Kisoro, kama kilomita 80, inapanda na kushuka milimani mfululizo. Mahali pazuri pa kupiga picha mara nyingi ni mahali pabaya kabisa pa kusimama.

"Mjomba, simama hapo!"

"Hapo hapana, mwanangu. Lori likishuka halikuoni mpaka limekufikia. Ngoja, mbele baada ya kona mbili kuna upana."

Na kweli, baada ya kona mbili kulikuwa na upana wa kutosha magari matatu. Hapo ndipo urefu wa lenzi unapolipa. Ukiwa na lenzi pana, mahali ulipopata pa kuegesha ndipo picha yako ilipo, na kama mbele yako kuna kichaka au paa la bati, umekwama. Ukiwa na 70 hadi 200, unasimama mahali salama kisha unachagua kipande cha nchi unachotaka, ukiruka nguzo, ukiruka paa, ukiruka kibanda cha muda wa maongezi.

Ziwa Bunyonyi tulilipita asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Vilima vyake vimekatwa matuta tangu chini hadi juu, na kwa 135mm hivi matuta yanapandiana kama mikunjo ya leso iliyopigwa pasi, kijani cha mbele kikiwa kizito, cha nyuma kikififia na kuingia buluu. Kufifia huko ni hewa yenyewe: kadiri kilima kinavyokuwa mbali ndivyo unyevu na vumbi kati yako na kilima vinavyozidi kutawanya mwanga. Lenzi ndefu inachukua tabaka nne au tano za vilima na kuzijaza kwenye fremu moja. Ziwa zima na visiwa vyake, hapana, 70mm haitoshi. Nililipiga kwa simu, na picha ya simu ilitosha. Njia nyingine ni kusimamisha kamera wima, kupiga picha tano au sita zinazopishana kidogo kwa 70mm, halafu kuziunganisha kwenye programu. Hiyo niliifanya pia na nimeichapisha kwa mita moja na nusu ukutani studio.

Halafu msitu wa Echuya na mianzi yake, giza na baridi, kisha ghafla Kanaba.

Kama hujafika Kanaba, nitakueleza tu kwamba barabara inavuka ukingo wa mlima na bonde lote la Kisoro linafunguka chini yako, na nyuma ya bonde zimesimama volkano. Muhavura mwenye mita 4,127 ndiye wa karibu, pembe tatu iliyonyooka. Mgahinga wa mita 3,474 amejificha begani kwake. Sabinyo mwenye meno meno yuko mbali upande wa magharibi, na juu yake Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Tulifika jua likiwa limepanda kidogo. Kutoka Kanaba unautazama Muhavura upande wa kusini-magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi linaupiga ubavuni kutoka kushoto, na mwanga wa ubavuni ndio unaochonga makorongo. Saa sita mchana makorongo hayo hayo hayaonekani, mlima unakuwa karatasi ya kijivu.

Lakini Muhavura alikuwa amejifunika. Kuanzia kiunoni kwenda juu, wingu tupu. Mama mmoja aliyekuwa anapanda barabara na mzigo wa viazi akatukuta tumekaa kwenye ukingo. Kisoro ni mpakani na Bunagana, mji wa mpaka na Kongo, haiko mbali, kwa hiyo Kiswahili wanakipata vizuri.

"Mnamngoja mlima?"

"Ndiyo, mama. Atatoka leo?"

"Msiondoke. Upepo ukianza kutoka Rwanda, hiyo kofia anaivua."

Tulikaa. Mjomba akafungua chupa ya chai. Upepo ulipoanza niliusikia shingoni kwanza, kisha wingu likaanza kupasuka katikati, na kile kilele kikatokea juu ya wingu kikiwa peke yake, hakina mguu, kimening'inia hewani. Hali hiyo haikudumu muda wa kunywa kikombe. Nilikuwa kwenye 200mm, tundu la lenzi f/8, kasi 1/500, ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) 400, kamera mkononi. Fokasi ilishika ukingo wa kilele mara moja bila kutafutatafuta. Mota ya USM ya lenzi hii ni ya pete, haina kelele, na ukitaka kurekebisha kwa mkono unageuza pete tu bila kuzima chochote. Ubavuni kuna swichi mbili: moja ya kuchagua fokasi ya yenyewe au ya mkono, na nyingine ya kuzuia lenzi isihangaike na vitu vilivyo karibu zaidi ya mita 3. Kwa milima iweke kwenye mita 3 uiache hapo. Katika ukungu, ambapo hakuna mistari mikali ya kushika, swichi hiyo inakuokoa.

Picha ile ndiyo bora kuliko zote nilizopiga mwaka huo. Kwa 70mm wingu lingekuwa jingi na kilele kingekuwa kipele. Kwa lenzi nzito ya f/2.8 ningekuwa nimeichoka mkononi zamani na kuirudisha kwenye mkoba.

Uzito ni jambo ambalo watu wanalidharau hadi siku ya safari. Hii ina gramu 705. Ndugu yake Canon 70-200mm f/2.8L IS II ana gramu 1,490, zaidi ya mara mbili. Kwenye harusi inayochukua saa tano unaweza kumvumilia. Lakini barabarani unashuka na kupanda gari, unakimbia kurudi nyuma mita mia kwa sababu kilima kimeonekana vizuri kwenye kioo cha pembeni, unapanda ukingo wenye matope. Lenzi nyepesi ndiyo inayotumika. Na kwa mlima, f/2.8 huihitaji: utafunga hadi f/8 hata hivyo ili tabaka zote ziwe kali. Hii ikiwa f/4 iliyofunguka kabisa tayari ni kali, ikiwa f/5.6 au f/8 sioni cha kulalamikia hata kwenye pembe za picha. Ndani ina kioo kimoja cha fluoriti na viwili vya glasi maalumu iitwayo UD, ambavyo kazi yake ni kuzuia rangi zisiachane kwenye kingo zenye mwanga mkali, kama vile kilele cheusi mbele ya wingu jeupe. Niliitazama picha ya Muhavura nikiwa nimeikuza kupita kiasi. Hakuna mstari wa zambarau.

Kitu kingine kinachonifurahisha ni kwamba lenzi hairefuki. Ukizumu, urefu ni ule ule. Ukishika fokasi, kioo cha mbele hakizunguki. Kwa anayetumia filta ya polaraiza hilo ni jambo kubwa, kwa sababu filta hiyo unaizungusha hadi anga ikolee na kung'aa kwa majani kupungue, na hutaki izunguke tena yenyewe. Kipenyo cha filta ni milimita 67, bei yake ni nafuu kuliko za 77 zinazotakiwa na lenzi kubwa. Polaraiza inafanya kazi zaidi ukiwa umelielekezea jua bega lako. Ukiwa na jua mgongoni au usoni, ivue, inakula mwanga wako bure.

Sasa upungufu, maana upo.

Haina kituliza mtikisiko. Alfajiri, mwanga ukiwa mchache na uko kwenye 200mm, unahitaji angalau kasi ya 1/200 ili mkono usitingishe picha, na mimi hupanda hadi 1/320 kwa sababu baridi inanitetemesha. Hiyo maana yake ni ISO 1600 au zaidi, na punje zinaanza kuonekana kwenye vivuli. Toleo la mwaka 2006 lenye kituliza lina gramu 760 tu, na ukilipata kwa bei unayoimudu, lichukue bila kufikiri. Mimi nilitumia dirisha la gari: nashusha kioo nusu, naweka kitenge kilichokunjwa juu ya kioo, naegemeza lenzi hapo. Injini lazima izimwe, mtetemo wake unapita kwenye mlango na kuingia kwenye picha. Mjomba alijifunza haraka. Nikisema "zima", anazima kabla sijamaliza neno.

Haijazibwa dhidi ya mvua na vumbi. Katika nchi ambayo unapita lami, murram na matope ndani ya saa moja, hilo ni la kuzingatia. Nilikuwa na kaveera (mfuko wa plastiki) yenye tundu la mbele na raba ya kufungia. Nyumbani inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza na vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu kuvu akiingia kwenye vioo ni vigumu kumtoa.

Pete ya kuifungia kwenye tripodi inauzwa kando. Kwa uzito wa gramu 705 nimeifunga tripodi kwenye kamera yenyewe na haikuanguka, ila upepo wa maporomoko ya Sipi uliitingisha vya kutosha kuharibu picha za kasi ndogo. Nitafika huko.

Na kuna kosa ambalo si la lenzi bali la saa. Kuanzia saa nne asubuhi jua likiwa kali, hewa ya moto inapanda kutoka kwenye lami na inacheza. Lenzi ndefu inaikuza hewa hiyo pamoja na mlima. Picha inakuwa kana kwamba fokasi imekosea, watu wanapeleka lenzi kwa fundi bure. Hakuna fundi wa hewa. Toka kando ya lami, panda mahali penye majani, au piga kabla ya saa tatu. Ukipiga kutoka ndani ya gari lililokuwa limefungwa vioo, hewa ya ndani na ya nje zikikutana dirishani zinafanya vivyo hivyo.

Kuhusu majira, ushauri wa kawaida ni kusafiri kiangazi, Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari. Kwa kupanda mlima ni kweli. Kwa picha ndefu napingana nao. Kiangazi nyasi zinachomwa, vumbi linasimama, na mlima ulio kilomita 30 unafutika. Nenda miezi ya mvua, vumilia kunyeshewa, na uwe macho saa ile mvua inapokatika. Hewa iliyooshwa inakuonyesha miti ya mlima ambao jana haukuwepo.

Rwenzori ilinithibitishia hilo. Kutoka Kasese kwenda Fort Portal safu iko mkono wa kushoto muda wote, magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linaipiga usoni. Usitegemee theluji. Kilele cha Margherita kina mita 5,109 lakini safu za mbele zinakificha, na mawingu yanafunika kilichobaki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipotoka mapema safu ilikuwa wazi hadi mahali ambapo kijani kinaisha na mwamba unaanza. Nilipiga mabonde, moja baada ya jingine, kwa 200mm, kila bonde na moshi wake wa jikoni. Mawingu yalirudi kabla hatujanywa chai.

Nilipokuwa pale niliwaza kuhusu Vittorio Sella, mpiga picha Mwitaliano aliyekuja na Duke wa Abruzzi, Luigi di Savoia, mwaka 1906, msafara uliofika Margherita. Walitembea kwa miguu kutoka Entebbe hadi Fort Portal kwanza, na yeye alipanda na kamera zinazotumia vioo badala ya filamu milimani ndani ya mvua na tope la Rwenzori. Kilele kimoja cha Mlima Luigi di Savoia kimepewa jina lake. Wapagazi waliobeba vioo vile mgongoni hawakupewa vilele. Ninapozitazama picha zake natamani kuwajua wao pia, majina yao na vijiji vyao, kwa sababu hakuna hata picha moja ingefika Ulaya bila mabega yao.

Nyumbani sasa. Elgon ni mlima mgumu kupiga, na wengi wanakata tamaa nao kwa sababu hauna ncha. Wagagai, mita 4,321, yuko ndani kwenye ukingo wa kreta na kutoka mjini Mbale humwoni. Unachokiona ni ukuta wa Wanale juu ya mji. Ukuta huo unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi uko kivulini, subiri alasiri. Mvua kubwa ikinyesha juu, maporomoko membamba yanatokea ukutani kote, meupe kwenye mwamba mweusi. Kwa 200mm nikiwa juu ya paa la jengo la studio ninaweza kuchagua moja na nyumba iliyo chini yake. Picha hiyo ninaiuza kuliko zote, wanaoinunua ni watu wa Mbale wanaoishi mbali.

Barabara ya Kapchorwa ndiyo ninayoipenda kuliko zote nchini. Inapanda kwa kona ndefu kati ya migomba na kahawa, na Sipi unayaona maporomoko kutoka barabarani kabla hujafika. Lile la chini, kubwa kuliko yote, linaanguka karibu mita 100. Kutoka ukingo wa ng'ambo 70mm inalikamata lote na watu wadogo chini, na hapo watu ni muhimu, bila wao hakuna anayejua ukubwa. Nilitaka maji yawe laini kwa kasi ya 1/4, upepo ukaitingisha kamera kwenye tripodi. Niliishia kutundika mkoba chini ya tripodi, kushusha miguu yake, na kusimama upande wa upepo na kitenge nimekitanda. Ndipo ikatulia. Pete ya tripodi ingerahisisha kazi yote, kwa hiyo kama Sipi iko kwenye mpango wako, inunue pamoja na lenzi.

Juu zaidi, ukishapita mji wa Kapchorwa, tafuta mahali panapofunguka kaskazini-mashariki wakati wa jioni. Jua linakuwa nyuma yako kidogo kushoto, na ng'ambo ya tambarare, karibu kilomita 50, umesimama Mlima Kadam wa Karamoja, mita 3,063. Siku hewa ikiwa safi, 200mm inaujaza upana wa fremu na unageuka rangi ya shaba. Siku yenye moshi, usihangaike, nunua kahawa urudi kesho.

Rangi nyeupe ya lenzi ni jambo la kuulizwa sana. Canon wanazipaka hivyo ili zisinyonye joto la jua, maana vioo vya ndani havipendi kupanuka. Kwa jua la kwetu inasaidia kweli, ya kwangu hubaki ya kushikika hata baada ya saa nzima nje. Lakini nyeupe inaonekana kutoka mbali. Watoto wanakimbia kuja, wazee wanauliza unatoka gazeti gani, na kwenye vizuizi vya polisi macho yanaiona kwanza. Niliishonea gauni la kitenge cha kijani, na maswali yakapungua nusu. Ukikaribia kizuizi, kambi, bwawa la umeme au daraja, lenzi iwe mkobani na zipu imefungwa. Daraja jipya la Nile pale Jinja, lililofunguliwa 2018, ni zuri sana, na sisi tulilivuka tukilitazama kwa macho. Kwa watu, omba kwanza. Salimia, shuka garini, sema unapiga mlima na ueleze kwamba shamba lake litaonekana. Sijawahi kukataliwa nikianza na salamu. Yule mama wa Kanaba alikuja kuitazama picha kwenye kioo cha kamera, akaonyesha kwa kidole paa la nyumba yake, dogo mno chini ya Muhavura, na lilikuwa kali.

Kama utanunua iliyotumika, na mpya sasa ni adimu, ikague nje kwenye mwanga. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tazama kutoka mbele: nyuzi kama utando ni kuvu, iache. Vumbi kidogo halina shida. Funga tundu hadi f/22 uone mabawa manane yanafunga bila mafuta. Geuza swichi zote mbili. Piga kitu kilicho mbali sana na kilicho karibu, kwa 70 na kwa 200, utazame picha zikiwa zimekuzwa. Hakikisha kofia yake ya jua, ET-74, ipo, kwa sababu utaihitaji kila jioni na kuipata peke yake ni usumbufu.

Mwenye kamera ya Canon yenye sensa ndogo kama 700D, jua kwamba lenzi hii kwako itakuwa kama ya 112 hadi 320mm. Kwa Kadam na Muhavura ni faida; kwa Sipi utalazimika kurudi nyuma sana, na nyuma pale ni korongo. Mwenye kamera za R, zile za Canon zisizo na kioo ndani, anahitaji adapta ya EF kwenda RF. Mwenzangu mmoja wa Kapchorwa anaitumia hivyo kwenye R6, na kwa kuwa kamera hiyo ina kituliza mtikisiko ndani yake, anapiga alfajiri kwa kasi ambazo mimi na 6D yangu tungehitaji tripodi.